Mtoto Mwenye Pembe

Kabla ya kuanza kazi yake msimuliaji wa hadithi huomba mambo matatu: hadithi ije, uongo uje, na utamu ukolee. Wasikilizaji humwitikia kwa furaha, wala hapana hata mmoja anayeona haya kuukaribisha uongo nyumbani mwake mbele ya wanawe. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mama yule yule aliyemchapa mtoto mchana kwa kusema uongo juu ya kikombe kilichovunjika, usiku humketisha mtoto huyo huyo mkekani akamlisha uongo mpaka ashibe. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, hakuvumilia mambo ya namna hii. Alitaka hadithi za watoto zichujwe kama tui, na watunzi wasiokubali mchujo huo wasipewe nafasi katika mji wake. Wazee wetu hawakuwa na habari za Plato, na yamkini kama wangalizipata wangalicheka.

Swali langu katika insha hii ni jembamba kuliko lile la Plato. Siulizi kama hadithi zote za uongo ni halali. Nauliza juu ya aina moja tu: hadithi fupi ya kuchekesha, yenye vituko visivyofuata sababu wala mpango, ambayo yajitia kusema juu ya moja la mambo mazito kabisa katika maisha ya mwanadamu, yaani kutoka utotoni. Je, hadithi ya namna hiyo yaweza kusema kweli, au hutupumbaza tu kwa kicheko ili tusione kwamba haikusema neno?

Kilichonipa swali hili ni mfululizo wa sinema za michoro kutoka Japani uitwao FLCL, jina ambalo Wajapani hulitamka Furi Kuri. Ulitolewa kati ya mwaka 2000 na 2001 chini ya uongozi wa Kazuya Tsurumaki, kwa maandishi ya Yoji Enokido, na nyimbo zake ni za bendi iitwayo The Pillows. Una sehemu sita tu, kila moja kama nusu saa, hata mtu akianza kuutazama baada ya alasiri atakuwa amemaliza kabla ya chakula cha usiku. Jina lenyewe ni fumbo. Wahusika wa ndani huulizana maana yake, wakabishana kwa fujo, wasiafikiane. Mimi niliuona kwanza wilayani Biharamulo, katika simu ya kijana mmoja wa sekondari. Haukuwa umetafsiriwa kwa Kiswahili, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha kwa kasi ya kumshinda msomaji, hata tukalazimika kuurudisha nyuma mara nyingi. Nilidhani mwanzoni kwamba kasi hiyo ndiyo iliyonizuia kuelewa. Tulipourudia polepole niliona kwamba kasi haikuwa na kosa. Mambo yenyewe ndiyo yaliyokuwa hivyo.

Mtoto aitwaye Naota, mwenye umri wa miaka 12, akaa katika mji mdogo uitwao Mabase. Mama yake haonekani. Babu yake ana duka la mikate. Baba yake ni mtu mzima kwa miaka na mtoto kwa tabia. Kaka yake, ambaye alikuwa fahari ya mji, amekwenda Marekani kucheza besiboli, mchezo ule wa kupiga mpira kwa gongo, na nyuma yake ameacha gongo lake na msichana aliyempenda. Juu ya mji umesimama mtambo mkubwa wenye umbo la pasi ya nguo, ambao hufuka mvuke, na watu wa mji wameuzoea hata hawaushangai. Naota hupenda kusema kwamba katika mji wao hapana jambo la ajabu litokealo. Kila kitu ni cha kawaida. Basi siku moja hutokea mwanamke aitwaye Haruko, amepanda pikipiki ya Vespa ya rangi ya manjano, akamgonga mtoto huyu barabarani, kisha akampiga gitaa kichwani. Mahali alipopigwa paota pembe. Naota aibandika plasta. Baadaye kutoka katika pembe hiyo hutoka mitambo mikubwa yenye umbo la mtu, ikapigana, na mmoja wao, ambao kichwa chake ni televisheni, wabaki nyumbani kwao ukitumwa dukani na kufanya kazi za nyumba kama mtumishi mwaminifu.

Najua vema jinsi muhtasari huu usomekavyo. Mtu wa akili timamu atasema kwamba huu ni upuuzi, na mimi sitashindana naye juu ya jina. Namwomba tu aulinganishe na maelezo yetu ya heshima juu ya jambo lile lile. Katika masomo ya sayansi ya shule zetu mtoto hufundishwa dalili za kubalehe: sauti huwa nzito, nywele huota mahali kadha wa kadha, chunusi hutokea usoni. Mtoto huzikariri, akaulizwa katika mtihani, akapata alama zote. Kisha hurudi nyumbani na mwili ambao hautambui, akajifungia, asijue kwa nini amemjibu mama yake kwa ukali juu ya jambo dogo la maji ya kuoga. Kila neno alilofundishwa lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa kweli ya mtu aliyesimama nje ya uwanja akihesabu wachezaji.

Pembe ya Naota ni uongo mtupu, na bado yasema yale ambayo orodha ile haikuyasema. Iliota bila kuombwa. Iliota mahali pa wazi kabisa, katika paji la uso, kwa kuwa kijana wa umri huo huamini kwamba aibu yake yaonekana na dunia nzima. Yeye huificha kwa kitu kidogo kuliko ile aibu, nacho ni kipande cha plasta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachomuumbua si kifo bali ni mtambo wenye urefu kupita mtu. Naam, hilo ndilo lililonifanya nikae kimya katikati ya kicheko: kitu kilichotoka katika kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa kuliko mtoto. Nani kati yetu hakumbuki hasira ya kwanza, au mapenzi ya kwanza, yaliyotoka ndani yake yakiwa makubwa kuliko yeye, akayatazama yakivunja vyombo nyumbani kana kwamba ni ya mtu mwingine?

Hadithi nyofu juu ya kukua humwonyesha kijana akiingia katika shida, akapata mshauri mwenye mvi, akafunuliwa jambo, na katika ukurasa wa mwisho akawa mtu mzima. Twazipenda hadithi hizo kwa sababu zatusifu sisi wenye mvi. Lakini mimi sijapata kumjua mtu aliyekua hivyo. Watu ninaowajua walikua kwa kujikwaa, kwa kuiga mtu asiyefaa, kwa siku moja ya ushujaa na mwezi mzima wa upumbavu, na mara nyingi kwa jambo la kuchekesha ambalo hawakulicheka mpaka miaka kumi ilipopita. Hadithi yenye mpango safi yabadili sura ya jambo lisilo na mpango. Basi katika shauri hili yule mwenye wazimu ndiye shahidi mwaminifu zaidi.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa elimu hii. Katika jando na unyago mwali hakuhutubiwa tu. Alitegewa mafumbo, akaimbiwa nyimbo za kuchekesha na za kejeli, akaonyeshwa mambo yasiyo na maana dhahiri, akaachwa ayatafune. Na wasomaji wa zamani watakumbuka kitabu cha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ambacho E. V. St. Lo Conan-Davies alikifasiri kwa Kiswahili kutoka hadithi ya Lewis Carroll, kikachapishwa London mwaka 1940, na katika michoro yake Elisi alikuwa mtoto wa Kiafrika. Huyo alikuwa akila kitu akarefuka mpaka darini, akila kingine akawa mdogo kama panya. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya hali ya mtu mwenye miaka 12, ambaye saa nne huambiwa amekuwa mkubwa hivyo afue nguo zake mwenyewe, na saa kumi huambiwa yu mdogo hivyo asisimame penye mazungumzo ya watu.

Lakini mfano wetu ulio mkubwa kuliko yote, na ambao kwangu wasimama bega kwa bega na sinema ile ya Wajapani, ni hadithi ya Sultani Majnuni na Nunda mla watu. Edward Steere aliiandika kutoka vinywa vya watu wa Unguja, akaichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Sultani alikuwa na wana saba. Mdogo wao wote hakuhesabiwa kuwa mtu. Kazi yake ilikuwa kukaa jikoni na mama yake. Sultani huyo alikuwa na paka pia. Paka akala ndama, watu wakashtaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akala mbuzi, na jibu likawa lile lile. Akaendelea kupanda daraja katika ulaji wake mpaka akafika kwa watu, na hata kwa wana wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo mwenye paka alipotambua kwamba yule si paka tena. Amekuwa Nunda. (Mtu anayependa kuandika juu ya serikali angeweza kusimama hapa akaijaza insha nzima. Mimi napita.)

Mwana yule wa jikoni akaondoka kwenda kumtafuta Nunda. Hakumjua kwa sura. Akakutana na mbwa, akamwua, akamkokota hadi nyumbani akiimba kwa majivuno na kumwuliza mama yake kama huyu ndiye Nunda mla watu. Mama akamjibu kwa wimbo kwamba siye. Akaenda tena, akaja na ngawa. Siye. Akaja na punda milia. Siye. Akaja na twiga, na kifaru, na ndovu, kila safari akiimba wimbo ule ule, na kila safari mama akimjibu jibu lile lile. Msikilizaji wa Biharamulo hana haja ya kuelezwa ukubwa wa twiga au ndovu, kwa maana mapori yake ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yamekuwa makao ya wanyama hawa tangu zamani. Basi afikiri kijana akiburura twiga mzima hadi mlangoni kwa mama, jasho likimtoka, na mama akisema, kwa upole, la, mwanangu, siye.

Watoto hucheka sana hapo. Mimi nacheka pia, lakini kwa miaka mingi nimejiuliza twacheka nini. Kijana huyu hakukosa ushujaa. Alikuwa nao tangu siku ya mbwa. Alichokosa ni kujua adui yake ni yupi, na ujuzi huo hakuupata kwa kuambiwa tu. Aliupata kwa kukosea mara nyingi, na kila kosa likiwa kubwa kuliko lililotangulia. Hadithi haikumwonea haya kwa sababu ya mbwa. Aliyeua mbwa na aliyemwua Nunda mwishoni ni mtu mmoja, na wimbo ni mmoja. Huo nauita uchambuzi wa hali ya juu juu ya kukua, umefanywa na watu wasioandika, kwa njia ya mzaha unaorudiwa mpaka mtoto wa miaka mitano aujue kwa moyo.

Na tumtazame mama. Yeye hamdhihaki mwanawe kwa mbwa aliyemleta. Wala hamdanganyi kwa mapenzi, akasema ndiyo, huyu ndiye, umekuwa mwanamume, sasa pumzika. Majibu yote mawili yalikuwa karibu na ulimi wake, na wazazi wengi tumekwisha kuyatumia. Angesema la kwanza, kijana angerudi jikoni. Angesema la pili, kijana angeketi barazani na sifa ya kuua mbwa, na Nunda angeendelea kula watu. Jibu lake ni gumu kuliko yote mawili: si huyu, na mlango u wazi.

Sasa nirudi Mabase, maana hapo ndipo tofauti ionekanapo. Naota hana mama wa kumjibu. Babu yupo, lakini hakumtazama. Baba, badala ya kuwa ukuta wa kuegemea, ashindana na mwanawe kumfurahisha Haruko. Haruko mwenyewe ni mcheshi, ni mwepesi, ni jasiri, aleta uhai katika nyumba iliyolala. Na ni mlaghai. Anachotaka ni kile kitakachotoka katika kichwa cha mtoto, kwa shauri lake mwenyewe. Watu wa namna hii wapo duniani, na vijana huwapenda kuliko watu wema, kwa kuwa wao peke yao humwambia kijana kwamba ndani yake mna kitu. Uovu wao ni kwamba wasema kweli kwa ajili ya faida yao.

Msomaji mwadilifu ataniuliza hapa juu ya adabu, na ana haki. Katika sinema hii wako wakubwa wanaomchezea mtoto kwa maneno na vitendo ambavyo katika nyumba yoyote ya heshima vingemfanya mgeni aonyeshwe mlango, na mizaha mingine ni michafu bila kuongeza maana. Sioni sababu ya kuitetea. Kicheko si maji ya kuoshea kila kitu. Nasema hili tu: sinema yenyewe haikulificha kosa la Haruko nyuma ya uzuri wake. Yamwonyesha mtoto akitumiwa, akijua kwamba atumiwa, akifuata vivyo hivyo, na akibaki peke yake. Lakini mtu atakayeitazama pamoja na watoto wadogo, akitumaini kwamba michoro ni ya watoto, atakuwa amehukumu kitabu kwa jalada. Yawafaa waliokwisha vuka umri ule, ambao wanao utulivu wa kutazama nyuma.

Kuna sehemu moja ambayo ningeipa kila mwalimu. Naota hulibeba gongo la kaka yake kila aendako, lakini katika mchezo, mpira ujapo, yeye halipungi. Husimama tu. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Kisha nikaona kwamba ni hesabu: asiyepiga hawezi kuambiwa amekosa shabaha. Ametolewa mchezoni, ni kweli, lakini ametolewa akiwa safi, na watu wakilinganisha yeye na kaka yake hawatakuwa na kitu cha kupimia. Ninao wanafunzi wa namna hiyo. Wanyamaza darasani si kwa kutojua. Baadaye, kwa namna ya wazimu ambayo sitaieleza yote, kitu kikubwa hushuka kutoka angani kuja kuuangamiza mji, nao wote humtazama yeye, naye hana budi kupunga. Upuuzi, ndiyo. Lakini ndivyo kijana aonavyo kila swali aulizwalo mbele ya wenzake: kwamba mbingu zaanguka, na kwamba ni juu yake.

Hata hapa nimesema kana kwamba watoto wote wa dunia hukua polepole, wakipewa miaka ya kukosea. Wilaya ya Ngara hainiruhusu kuendelea hivyo. Vijana wa huko, kama wa Biharamulo, huzungumza maneno ya Naota bila kumjua: hapa hapana kitu, mambo yako Mwanza, mambo yako Dar es Salaam. Barabara itokayo Rusumo hupita Benaco na Lusahunga mpaka Nyakanazi, malori ya Rwanda na Burundi yakipita usiku na mchana, na mtu anayekaa kando ya njia kuu kwa urahisi hujiona kama anayekaa mahali ambapo kila kitu hupita na hapana kinachosimama. Lakini tarehe 28 Aprili 1994 jambo la ajabu lilifika. Katika muda wa kama saa 24 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaa Benaco, mahali palipokuwa hapana mji, hata pakawa na watu kuzidi miji mingi ya Tanzania. Walikuwamo waliotenda mauaji na walikuwamo wasio na hatia, na ilikuwa kazi ngumu kuwatenga. Kambi za Wanyarwanda zilibaki mpaka Desemba 1996. Warundi nao walikimbilia wilaya hiyo hiyo katika miaka hiyo, na kambi yao ya Lukole ilidumu kwa miaka mingi zaidi.

Miongoni mwa waliovuka walikuwamo watoto wengi wasio na mzazi. Mtoto wa miaka kumi mwenye mdogo wake mgongoni hakuota pembe polepole chini ya plasta. Alilazimishwa kuwa baba au mama kati ya daraja na hema. Kwa huyo, kichekesho cha mtambo utokao kichwani kina maana gani? Hili ndilo pingamizi zito kuliko lile la adabu, na sitaki kulivuka kwa mbio. Yaweza kusemwa kwamba hadithi ya kipuuzi juu ya kukua ni anasa ya watoto wa amani, kama vile mwavuli ni anasa ya mtu asiyekuwa mtoni.

Nimelifikiri kwa muda, na neno lililonisaidia limetoka katika sinema ile ile. Ndani yake yumo afisa mmoja wa serikali, mtu wa kujikaza, aitwaye Amarao, mwenye nyusi nene za kutisha. Yaja kujulikana kwamba nyusi hizo si zake; amezibandika, na zimetengenezwa kwa mwani ule ambao Wajapani hufungia wali. Amezivaa ili awe mtu mzima. Twadokezwa kwamba zamani alikuwa kijana mikononi mwa Haruko, naye hajapona. Mtazamaji hucheka sana, kisha huhuzunika, kwa maana mtu huyu hakukua, alifunika. Tofauti ya plasta ya mtoto na nyusi za afisa ni miaka tu.

Basi yule aliyelazimishwa ukubwa kwa usiku mmoja alipewa nyusi za kubandika na dunia nzima, naye akazivaa kwa kuwa mdogo wake alihitaji kuziona. Sidhani kama ni dhihaka kumwambia, baada ya miaka mingi, kwamba zile zilikuwa nyusi, kwamba chini yake alikuwapo mtoto, na kwamba mtoto huyo hakufa ila alinyamazishwa. Hotuba haiwezi kumwambia hivyo bila kumwaibisha. Mzaha waweza, kwa sababu mzaha humwacha mtu acheke kwanza na kujitambua baadaye, akiwa peke yake, wakati hapana amtazamaye. Jina la Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, latokana na neno la matumaini. Na watu wenye matumaini hawakuomba habari za wazi peke yake. Waliomba pia nyimbo na michezo. Mwenye njaa ya mahindi ana njaa ya kicheko pia, wala hizo si njaa zinazogombana.

Nakubali kwamba hoja yangu ina mpaka. Kichekesho hakimrudishii mtu miaka yake, wala hakimwondolei wajibu aliyempora. Na yuko mtu ambaye hatacheka, na haki yake ya kutocheka lazima ilindwe kuliko sifa ya sinema yoyote.

Mwisho wa mfululizo Haruko aondoka kwa pikipiki yake kufuata alichokuwa akikitafuta. Naota, ambaye kwa sehemu tano alijifanya mtu asiyeshangazwa na lolote, amwambia waziwazi kwamba ampenda. Jibu alipatalo ni kwamba bado yu mtoto. Jibu hilo lafanana sana na lile la mama wa hadithi ya Nunda, isipokuwa limesemwa na mtu ambaye hatakuwapo kesho. Hata hivyo Naota hakuvunjika. Twamwona amevaa sare ya shule mpya ya juu, maisha yakiendelea, pembe haipo, na mji wamaliza kujengwa upya polepole. Hakuna sherehe. Hapana aliyetangaza kwamba amekua, na yeye mwenyewe hakusema.

Vijana watatu waliotazama nami walikuwa na maoni tofauti. Wa kwanza alipenda pikipiki na gitaa. Wa pili alisema hakuelewa kitu ila angependa kuutazama tena, jambo ambalo mimi naliona kuwa sifa kubwa. Wa tatu, mwenye simu, alikuwa kimya kwa muda, kisha akauliza: je, mwalimu, yule baba yake Naota, pembe yake yeye ilikwenda wapi? Tukaurudisha mfululizo nyuma tukitafuta. Betri ikaisha kabla ya sehemu ya tatu.